Bwana Lala na Magodoro ya Hospitali

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, jifanye husikilizi, bosi asikuone. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda umelala juu ya kazi yake miaka mingi bila kumjua. Tunamkumbuka fundi magodoro. Mtaani kwake walimwita Bwana Lala.

Jina hilo lilikuwa la utani. Kwanza, mtu mwenyewe usingizi ulikuwa haumjui. Jua lilipochomoza lilimkuta yuko kazini, anachambua pamba. Halafu, hakuna godoro lililotoka kwenye karakana yake kabla hajalilalia mwenyewe. Alivua viatu, akajinyoosha, mikono kifuani, macho darini. Mteja amesimama, fundi amelala. "Ngoja kwanza," alikuwa akisema, "mbavu zikinyamaza nitakuambia uchukue." Mbavu zisiponyamaza, godoro lilifumuliwa na kujazwa upya, na mteja akarudi kwao akinung'unika.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana ndilo tutakalokwenda nalo mpaka mwisho. Bwana Lala alikuwa fundi magodoro, na alitaka magodoro yake yaingie katika hospitali ya serikali. Si kwa kupenyeza. Si kwa kujuana na mtu. Alitaka yaingie kwa zabuni, kwa mlango wa mbele. Alilitaka hilo kwa miaka mingi, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alilitaka akiwa peke yake.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la rangi. Mlango mmoja, dirisha moja, na feni ambayo hakuiwasha hata mara moja tangu ainunue, maana ukiwasha feni kwenye pamba umejitafutia balaa. Pamba ilimkaa kwenye nyusi. Wageni walidhani ni mvi. Baadaye zikawa mvi kweli, na hakuna aliyegundua zilianza lini.

Zamani hakuwa peke yake mle ndani. Wasikilizaji wapendwa, godoro la pamba hushonwa kwa sindano ndefu sana. Godoro husimamishwa wima kwenye fremu. Mtu mmoja anachoma sindano kutoka upande huu, mwenzake anaipokea upande wa pili, anavuta uzi, anairudisha. Ni kazi ya watu wawili. Mtu wa pili alikuwa mkewe. Walishinda hivyo kutwa nzima, godoro katikati, wakipiga soga bila kuonana. Kaka wa marehemu mkewe, ambaye Bwana Lala alimwita shemeji mpaka mwisho, anakumbuka dada yake akiwachekesha watu harusini. "Alikuwa akisema, ndoa yangu imedumu kwa sababu kuna godoro kati yetu. Nikikasirika simwoni, nikicheka ananisikia."

Kisha mke akaugua. Alilazwa katika hospitali ya serikali, wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na ukuta. Godoro la kitanda kile lilikuwa sponji nyembamba iliyochoka, na katikati limeingia ndani. Bwana Lala alipokwenda kumwona, mkewe akamshika mkono. "Mume wangu," akamwambia, "mji mzima umeulaza vizuri. Mkeo analala shimoni." Alisema akitabasamu, kama kawaida yake. Mumewe hakutabasamu.

Siku iliyofuata alifika getini na mkokoteni. Juu ya mkokoteni lipo godoro jipya, la pamba safi, kitambaa cha mistari. Alilipeleka mpaka mlango wa wodi. Muuguzi mkuu akamzuia. Hakuwa mkali, huyo mama. Alimweleza taratibu. Godoro la kitambaa halifutiki. Mgonjwa akitapika, akitoka damu, linanyonya, na anayekuja baada yake anaupata ugonjwa wa mwenzake. Tena magodoro ya hospitali hayaletwi na ndugu wa mgonjwa. Huingia kwa zabuni.

"Huyo Zabuni ofisi yake iko wapi?" Bwana Lala akauliza. "Nikazungumze naye sasa hivi."

Muuguzi mkuu alicheka, halafu akaona mzee hacheki.

Godoro lilirudi nyumbani. Mkewe alifariki palepale, kwenye kitanda cha karibu na ukuta, kwenye shimo lile. Wasikilizaji wapendwa, muuguzi hakukosea. Bwana Lala mwenyewe alikiri hivyo baadaye, tena mbele za watu. Lakini kukubali kwamba mtu hakukosea hakukuondolei uchungu. Alizika mke, akarudi karakanani, akasimamisha godoro kwenye fremu. Akachoma sindano upande huu. Halafu akazunguka upande wa pili kuipokea. Akavuta uzi, akairudisha, akazunguka tena. Shemeji anasema alimkuta hivyo, akizunguka godoro moja asubuhi nzima, na aliposhika sindano ili amsaidie, Bwana Lala alimwambia, "Acha tu shemeji. Nitazoea."

Ndipo alipoanza kuitafuta zabuni ya hospitali.

Mara ya kwanza tangazo lilipotoka, alikwenda na godoro. Ndiyo, godoro zima, begani. Alidhani watalilalia. Katika akili yake, hakuna njia nyingine ya kujua godoro. Wenzake walikuwa wamekuja na bahasha. Karani wa mapokezi akamwangalia, akaliangalia godoro, akamwuliza makaratasi yako wapi.

"Kabla ya makaratasi," Bwana Lala akasema, "nani atalilalia?"

"Hakuna anayelilalia, mzee. Sisi tunasoma."

Akarudi nalo. Kituko hicho kilizunguka mtaa mzima, na mwenye duka la rangi alimtania nacho mpaka siku mwenye duka huyo alipohama. Bwana Lala naye alicheka. Kisha akaenda kuuliza makaratasi yanayotakiwa ni yapi.

Hapo ndipo alipoanza kuzungushwa. Aliambiwa zabuni haipewi mtu, inapewa kampuni. Akasema sawa, tuunde kampuni. Akaambiwa kampuni wanayoitaka wao iwe na wakurugenzi wawili. Wawili, wasikilizaji wapendwa. Mtu aliyekuwa akizunguka godoro peke yake sasa anaulizwa, mwenzako ni nani? Alikaa na swali hilo muda mrefu. Mwishowe akampigia simu binti yake, mtoto wake pekee, mwalimu wa shule ya chekechea katika mji mwingine.

Binti huyo alizungumza nasi. Sauti yake ni ya upole, unamsikia hata kwenye simu kwamba amezoea kusema na watoto. "Baba hakuwa mtu wa kuomba," alituambia. "Siku hiyo akaniambia, mama, nahitaji jina lako. Nikamwuliza la nini. Akasema, nimekuteua mkurugenzi. Nikacheka sana. Nilikuwa nimeshika beseni la nguo, nikawa mkurugenzi na povu mikononi." Alisaini. Kampuni ikapatikana, wakurugenzi wawili, baba na binti.

Safari iliyofuata akaulizwa uzoefu. "Umewahi kupeleka magodoro kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu si taasisi, mzee. Tunataka uwe umewahi kupeleka kwa taasisi."

"Nitapelekaje kwa taasisi kabla taasisi haijanipa kazi?"

Karani alikunja midomo, akasema masharti hakuyatunga yeye. Na kweli hakuyatunga yeye. Ndiyo shida ya masharti, wasikilizaji wapendwa. Kila unayekutana naye hakuyatunga yeye.

Wakati mwingine ilikuwa dhamana ya benki. Benki nayo ikataka rehani ambayo fundi wa chumba kimoja cha kupanga hana. Wakati mwingine kila kitu kilikuwepo, lakini ukurasa mmoja haukuwa na muhuri. Na kila mara alipokosa, kazi ilikwenda kwa wafanyabiashara wakubwa, watu wanaouza saruji, matairi, vitabu vya shule na magodoro, yote kwa pamoja. Sisemi waliiba. Bwana Lala hakusema hivyo pia. Wao walikuwa na watu wa kuandika, watu wa kufuatilia, watu wa kukaa kwenye foleni. Yeye alikuwa na sindano.

Kulikuwa na jambo moja katika shughuli hizo alilolipenda. Siku ya kufungua zabuni, kila aliyeomba anaruhusiwa kuja kushuhudia. Wakubwa hawaji. Wana mambo mengine. Bwana Lala alikwenda kila mara, kwa suti yake ya harusi, iliyomlegea mabegani mwaka hadi mwaka. Ukumbi mpana, viti vimepangwa safu kwa safu, na aliyekaa ni yeye peke yake, safu ya mbele. Katibu wa kamati anafungua bahasha moja moja na kusoma kwa sauti jina la kampuni. Likifika la kwake, Bwana Lala alikuwa akisimama. Hakuna aliyemtaka asimame. Katibu alimzoea, akawa anangoja kidogo mpaka akae ndipo aendelee.

Binti alimwandalia chumba kwake. Kitanda, kabati, dirisha la kutazama bustani ndogo. Alimbembeleza ahamie. "Njoo baba, umekaa peke yako vya kutosha," alimwambia. Na baba anajibu nini? "Nikija huko, tangazo likitoka je?" Kila likizo binti aliondoka akimwacha mlangoni, pamba kwenye nyusi, akipunga mkono mpaka gari lipotee. Shemeji naye alimsema. "Nilimwambia wazi," anasimulia, "shemeji, achana na serikali. Una wateja wako, una jina lako. Unajitesa kwa nini? Akaniambia, dada yako alilala shimoni, shemeji."

Lakini msidhani alikaa tu akishika tama. Alimtafuta yule muuguzi mkuu, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu. Akamwomba amfundishe godoro la hospitali linatakiwa liweje. Mama yule akamkalisha, akamweleza: kava la kufutika, mishono isiyoingiza maji, kona zinazobana kitanda. Bwana Lala akashona, akapeleka, akarudishwa. Akashona tena. Alilalamika kwamba kava lile linapiga kelele mgonjwa akigeuka. Muuguzi akamwambia, basi tafuta lisilopiga. Akatafuta mpaka akalipata. Kisha akawashonea magodoro wazee wa makao ya serikali kwa bei ya kutupa, ili apate kuitwa mtu aliyewahi kufanya kazi na taasisi. Godoro la kwanza alililalia mwenyewe. La mwisho alililalia muuguzi mkuu, akasinzia kabisa, na Bwana Lala akakaa kando kwenye kigoda akimngoja aamke. Alimsimulia binti yake jambo hilo kwenye simu mara nyingi, kwa furaha ya mtoto.

Sasa alikuwa tayari. Kampuni ipo. Wakurugenzi wapo. Uzoefu upo. Godoro lenyewe lipo. Tena ikatangazwa kwamba sehemu ya zabuni za serikali imetengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, bila dhamana ya benki. Alipiga pasi suti, akachukua bahasha yake.

Alipofika ukumbini, mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Alichungulia dirishani akaona viti vimebebeshwa viti, vimerundikwa hadi karibu na dari. Mlinzi akamwambia, "Mzee, siku hizi hakuna kufungua bahasha. Kila kitu kiko kwenye mtandao." Bwana Lala akauliza, "Na majina nani anasoma?" Mlinzi akasema hajui, labda kompyuta. Alisimama pale kwa muda, amevaa suti, halafu akarudi karakanani. Kwa wengine yale yalikuwa maendeleo, na mimi sibishi. Kwake yeye, chumba pekee alichokuwa akiitwa jina kilikuwa kimefungwa.

Simu yake ilikuwa ya kubofya, ya kupiga na kupokea. Basi akamwita mkurugenzi mwenzake. Binti alikuja likizo, mja mzito, miguu imevimba. Wakakaa wawili juu ya godoro ambalo halijamalizika, yeye na simu yake kubwa, baba na makaratasi yake. Mfumo ukataka barua pepe ya kampuni. Hawakuwa nayo. Binti akafungua mpya palepale. Wakapakia kila kitu, kikakataa, wakapakia tena, kikakubali; sampuli ya godoro baba angeipeleka hospitali mwenyewe. Baba akauliza, "Sasa jibu litakuja wapi?" Binti akasema, "Litakuja kwenye simu yangu, baba." Wote wawili walielewa hivyo, kwamba simu italia, ujumbe utaonekana, kama ujumbe wa kawaida wa mtu kumwandikia mtu.

Binti akarudi kwake. Muda si mrefu akajifungua mtoto wa kike. Na kila jioni, baada ya kufunga karakana, Bwana Lala alipiga simu.

"Mjukuu wangu amelala?"

"Amelala, baba."

"Na ile kitu, imekuja?"

Binti anaangalia ujumbe kwenye simu. Kuna ujumbe wa wazazi wa shule, wa duka la dawa, wa majirani. "Bado, baba."

"Haya, mama. Kesho basi."

Hivyo kila jioni. Imekuja? Bado, baba. Haya, mama, kesho basi. Jirani yake fundi baiskeli anasema alikuwa akimwona ameketi kwenye kizingiti, simu sikioni, na baada ya kuikata anabaki nayo mkononi hivi hivi, kama mtu aliyesahau anachotaka kufanya. Karakana ilikuwa imejaa pamba aliyoiagiza kwa ajili ya hospitali. Aliacha njia nyembamba tu ya kupita kutoka mlangoni hadi kitandani kwake, maana siku hizo alilala humohumo.

Jioni moja hakupiga. Wala iliyofuata. Binti akaingiwa na wasiwasi, akapiga yeye. Baba akapokea, sauti yake shwari. "Tumekosa, mama," akamwambia. "Nilipita ofisini kwao kuuliza. Bei yetu ilikuwa juu kidogo. Ni hesabu zangu, nilijipigia juu. Basi, yameisha. Huyo mtoto ameota jino?"

Binti alilia. Baba ndiye aliyembembeleza. Tangu siku hiyo aliendelea kupiga simu kila jioni, na alikuwa akiuliza jino, kukaa, kutambaa. Ile kitu hakuitaja tena. "Nilifurahi," binti anasema. "Nilidhani hatimaye moyo wake umetulia. Nikamwambia mume wangu, sasa baba atakuja kuishi nasi."

Hakuwahi kuhamia. Kifua kilimbana, fundi baiskeli akamkuta ameinama juu ya pamba, akamkimbiza hospitali. Hospitali ileile. Wakamlaza kwenye godoro jipya, lenye kava la kufutika, kazi ya kampuni nyingine. Binti alipofika alimkuta anapapasa ukingo wa godoro kwa vidole, anabonyeza, anasikiliza. Hata pale, wasikilizaji wapendwa, alikuwa kazini.

"Yangekuwa yako haya, baba," binti akamwambia.

"Si mabaya," akajibu. "Wamejaza vizuri. Kona tu zimewashinda." Akapumzika kidogo. "Tulipishana kidogo tu, mama."

Alifariki kabla ya wiki kwisha, binti yake akiwa amemshika mkono.

Sasa nawaombeni msikilize kwa makini, maana sehemu hii binti mwenyewe ametuomba tuiseme. Tulimwuliza mara mbili kama ana hakika. Akasema, "Semeni. Baba hakumwambia mtu. Mimi nataka watu wajue."

Siku ya mazishi, watu walipokuwa wakipita kutoa pole, alikuja bwana mmoja wa makamo, amevaa shati jeupe, kofia mkononi. Akajitambulisha kuwa ni afisa ugavi wa hospitali ile. Akampa binti mkono. "Pole sana," akasema. "Mzee wako alikuwa muungwana. Ilituuma wote, kazi kuishinda halafu ikampotea."

Binti akadhani bwana yule amemchanganya na mtu mwingine. Akamwambia, baba hakushinda, bei yake ilikuwa juu. Afisa akashangaa. Akasema, hapana, bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote, na sampuli yake ndiyo wauguzi waliyoichagua. Ujumbe wa ushindi ulitumwa kwenye barua pepe ya kampuni, ukiwataka wajibu kwamba wameikubali kazi. Hawakujibu. Wakakumbushwa, hawakujibu. Muda ukaisha, kazi ikaenda kwa aliyefuata.

Barua pepe ile, wasikilizaji wapendwa. Ile aliyoifungua binti akiwa amekaa juu ya godoro, miguu imevimba. Hakuifungua tena tangu siku ile. Alikuwa akiangalia ujumbe wa kawaida kwenye simu, na kila jioni aliposema bado, alikuwa anasema kweli kwa kadiri alivyojua. Jibu lilikuwa ndani ya simu hiyohiyo aliyoishika mkononi, sehemu nyingine tu.

Afisa akaendelea, maana hakujua anachokifanya. Alisimulia jinsi Bwana Lala alivyoona lori likishusha magodoro getini, akaja ofisini kuuliza. Wakamwonyesha. Akauliza mara moja tu, ujumbe ulitumwa wapi? Wakamwambia. Afisa alimwonea huruma, akamweleza kwamba ipo nafasi ya kulalamika. Aandike ni nani katika kampuni aliyekuwa na kazi ya kupokea ujumbe, na kwa nini hakujibu, na kamati ingeweza kulitazama upya. Alimpa hata kalamu.

"Akairudisha kalamu," afisa akamwambia binti. "Akasema, sina wa kumlalamikia. Akavaa kofia yake, akaaga vizuri, akaondoka."

Miaka yote ile. Kuzungushwa kote kule. Na mlango ulipofunguliwa kwa muda mfupi, nafasi pekee ya kuurudia ilimtaka aandike jina la binti yake kama mkosaji. Hakuandika. Alikwenda nyumbani akakaa jioni mbili na jambo hilo peke yake, katika njia ile nyembamba katikati ya pamba, mpaka alipopata namna ya kulisema ili lisimwangukie mtoto. Akajisingizia hesabu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa binti wa marehemu, kwa mkwewe, kwa mjukuu ambaye sasa meno yote ya mbele yameota, kwa shemeji, na kwa fundi baiskeli aliyemkimbiza hospitali. Mungu awape subira.

Na kwetu sisi tuliobaki kuna la kutafakari. Wewe uliye ofisini, unayetunga masharti au unayesema hukuyatunga wewe, mfikirie mtu aliyekuja na godoro begani. Alikuwa anakuletea kitu kizuri kwa njia aliyoijua. Tafuta namna ya kumfikia kwa njia anayoijua, hata kwa kumpigia simu tu. Nawe fundi mwenzake, mshonaji, seremala, mwoka mikate, unayehangaika na zabuni zako chumbani peke yako, usikae nazo peke yako. Tafuta mtu wa kupokea sindano upande wa pili. Nawe mwenye mzazi anayekupigia kila jioni kuuliza jambo lilelile mpaka unachoka, mpokee.

Nilimwuliza binti ni kitu gani kinachomuuma zaidi. Nilitegemea ataje ile barua pepe. Hakuitaja.

"Kila jioni aliniuliza, imekuja? Nikamjibu, bado," aliniambia. "Na siku alipojua kwamba ilikuja, hakuniuliza tena."